Hewa Moja, Wasemaji Wengi

Neno aloha, katika lugha ya wenyeji wa Hawaii, husemwa mtu anapofika, na husemwa vilevile anapoondoka. Ndani yake mna salamu, mna mapenzi na mna huruma, na mfasiri anayelazimika kuchagua moja katika hayo huwa ameyadhulumu mawili yaliyobaki. Lakini neno hilo lina maana ya nne, ambayo hawakuijua wazee walioliunda, na ambayo wahandisi wa mawasiliano wa dunia nzima huitumia bila ya kulifasiri. Kwao wao, Aloha ni jina la kanuni: namna ya watu wengi kutumia njia moja ya kupelekeana habari pasipo kuwapo mtu wa kuwagawia zamu. Kanuni hiyo ilizaliwa visiwani, kwa sababu ya shida za visiwani. Nasi watu wa visiwa, naona, inatupasa kuijua habari yake, zaidi kwa kuwa hapiti mmoja wetu siku moja bila ya kuitumia.

Tuanze na shida yenyewe. Uzi mmoja wa telegrafu, au masafa mamoja ya redio, hubeba kauli moja kwa wakati mmoja. Wakisema wawili kwa pamoja, anayesikiliza hapati nusu ya huyu na nusu ya yule, hapati kitu. Barazani hali si hiyo, kwani sikio la binadamu lina uwezo wa kumchagua msemaji mmoja na kuwaacha wengine wakivuma. Chombo cha kupokelea hakikujaliwa sikio la namna hiyo. Ulipofika Unguja waya wa baharini kutoka Aden, mwaka 1879, ujumbe wa balozi na ujumbe wa mfanyabiashara wa karafuu uliingia katika uzi uleule, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mpango wa makarani. Dawa ya mwanzo ya shida hii, basi, ilikuwa ni foleni.

Dawa ya pili, iliyo bora zaidi, ilitoka kwa Mfaransa Émile Baudot. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima, alisoma masomo ya chini tu, na yaliyosalia akajifundisha mwenyewe. Nami, ambaye sina cheti cha kuning'iniza ukutani, humpenda kwa hilo peke yake. Aliingia kazini katika idara ya telegrafu mwaka 1869, na mwaka 1874 akasajili mtambo wake. Katika mtambo ule, burashi ya madini ilizunguka juu ya sahani iliyogawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa cha karani mmoja. Burashi ilipokifikia kipande chake, uzi wote ulikuwa wake kwa punje ya wakati. Kisha ukawa wa jirani yake, na wa jirani wa jirani yake, hata ukamrudia. Karani alikuwa na vitufe vitano, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kulia, na ilimpasa avibonyeze kwa mapigo sawasawa, akiongozwa na mlio mdogo wa mtambo uliomwambia kwamba zamu yake imewadia. Anayejua kazi ya mizani katika shairi hahitaji kuelezwa zaidi: silabi iliyokosa mahali pake imeharibika, hata ikiwa tamu namna gani. Jina la Baudot limebaki katika kipimo cha kasi ya mitambo, baudi, nasi tutakutana nalo tena huko mbele.

Mpango huo una kasoro moja. Karani asiye na la kusema, zamu yake hupita tupu. Burashi haijui kwamba ameinuka kwenda kunywa maji. Itakipitia kipande chake na kuuacha uzi kimya, ilhali jirani yake ana lundo la barua zinazongoja. Kwa ofisi ya telegrafu, ambamo kila karani ana kazi kuanzia asubuhi hadi jioni, hasara hiyo ni ndogo. Kwa watu wasemao mara moja moja, ni hasara tupu.

Ilipokuja simu ya upepo, mambo yalibadilika kwa sababu hewa haina ncha mbili kama waya. Kila mwenye chombo alisema, na kila mwenye chombo alisikia, apende asipende. Usiku wa 14 Aprili 1912, katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, Jack Phillips, mpiga simu wa meli ya Titanic, alikuwa akipeleka salamu za abiria kwenye kituo cha Cape Race, Newfoundland. Salamu hizo zililipiwa, na zilikuwa zimerundikana. Kiasi cha saa tano za usiku akaingiliwa na Cyril Evans wa meli ya Californian, aliyetaka kumjulisha kwamba meli yao imesimama, imezungukwa na barafu. Kwa kuwa Californian ilikuwa karibu, sauti yake ilivuma masikioni mwa Phillips na kuifunika sauti hafifu ya Cape Race. Phillips akamjibu kwa ukali anyamaze, yumo kazini. Evans alikuwa peke yake zamu nzima. Akasikiliza muda kidogo zaidi, akazima chombo chake, akalala. Dakika kumi hivi baadaye, Titanic iligonga mwamba wa barafu, na wakafa watu wapatao 1,500.

Si haki kumtwika Phillips lawama yote. Alibaki kwenye chombo chake akiita msaada karibu hadi mwisho, naye akafa pamoja na wengine. Jambo la kutazamwa ni kwamba hapakuwa na kanuni. Yupi anyamaze: mwenye salamu zilizolipiwa, au mwenye habari ya barafu? Aliye karibu na mwenye sauti kubwa, au aliye mbali? Siku iliyofuata hewa ya pwani ya Marekani ilijaa vurugu la wasemaji, na magazeti yakachapisha kwamba abiria wote wamesalimika na meli inavutwa kupelekwa Halifax.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, Marekani ilipitisha sheria. Kila mwenye kurusha mawimbi awe na leseni. Serikali na meli zipewe masafa yao. Na wale wapenzi wa redio waliochezea vyombo majumbani mwao wasukumwe kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, ambayo yalidhaniwa hayafai kitu. (Haikupita miaka mingi wapenzi haohao wakaonyesha kwamba mawimbi mafupi huvuka bahari kuu, na serikali zikarudi kuyadai.) Sheria hiyo ilikuwa ya lazima. Pamoja na hayo, iliifanya hewa kuwa kama shamba lenye hati: kila kipande kina mwenyewe, na asiyekuwa na kipande hana ruhusa ya kusema. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyefikiri kwamba pana njia nyingine.

Sasa twende Hawaii. Visiwa hivyo vilikuwa ufalme hadi mwaka 1893, malkia wao Liliuokalani alipopinduliwa. Vikatwaliwa na Marekani mwaka 1898, na vikafanywa jimbo mwaka 1959. Katika miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na makao makuu katika bonde la Manoa, mjini Honolulu, kisiwani Oahu. Kilikuwa pia na tawi lake Hilo, katika kile kisiwa kikubwa chenye jina la Hawaii lenyewe, na vyuo vidogo vitano vilivyotawanyika Oahu, Kauai, Maui na Hawaii. Kompyuta kubwa ilikuwa moja, aina ya IBM 360, na ilikuwa Manoa. Wengine wote walitenganishwa nayo na milima ya volkeno na maji ya bahari, baadhi yao kwa mwendo wa kilomita 300 na zaidi.

Mtu wa kawaida angesema: watumie simu. Norman Abramson, mzaliwa wa Boston aliyepata kufundisha Stanford, na ambaye inajulikana kwamba mawimbi ya bahari ya Hawaii yalimvuta kwa mchezo wa ubao kabla ya mawimbi ya redio, hakuridhika na jibu hilo. Mwezi wa Septemba 1968, yeye na wenzake, miongoni mwao Franklin Kuo, walianza kazi waliyoiita Mfumo wa Aloha. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Simu iliundwa kwa ajili ya watu wawili wanaozungumza. Ukishaunganishwa, njia ni yako hadi ukate, na unailipia ukisema na ukinyamaza. Lakini mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hazungumzi hivyo. Huandika mstari mmoja, akautuma kwa punje ya sekunde, kisha hukaa akitazama, akakuna kichwa, akafuta, akafikiri. Katika saa nzima njia yake imekuwa na kazi dakika moja au pungufu. Kumpa mtu huyo waya wa peke yake ni kama kumkodia jahazi zima mtu mwenye kikapu kimoja cha embe.

Kwa nini basi wasigawane masafa kama sheria ya 1912 ilivyofanya? Kwa sababu shamba likigawanywa kwa warithi mia, kila mmoja hupata mnazi mmoja, na hauzai anapouhitaji. Kwa nini wasipeane zamu, kompyuta ikiwaita mmoja mmoja? Kwa sababu mwenyekiti atakayeita majina mia ili ampate mwenye neno moja atamaliza siku akisikia "sina la kusema". Yote mawili hufaa pale ambapo wasemaji ni wachache na maneno yao ni mengi. Hapa wasemaji walikuwa wengi, na maneno ya kila mmoja machache.

Walichoamua kinaonekana, kwa mtazamo wa kwanza, ni cha mtu mvivu. Kila kituo kiseme kinapotaka. Kisiombe ruhusa, kisingoje zamu. Kifunge maneno yake katika pakiti fupi, isiyozidi herufi 80, yenye anwani ya mtumaji na hesabu za kuhakikishia kwamba hazikuharibika njiani. Kisha kiitupe hewani. Upande wa pili, Manoa, palikuwa na kompyuta ndogo ya kupokelea. Ikipata pakiti iliyo salama, hurudisha stakabadhi. Zikigongana pakiti mbili, zote mbili huharibika, na kompyuta hiyo haisemi kitu. Kituo kisichopata stakabadhi kinajua kwamba maneno yake yamepotea; basi hungoja kidogo, kikatuma tena.

Siri yote imo katika hilo "kidogo". Lau vituo vyote vingengoja muda sawa, viwili vilivyogongana vingegongana tena, na tena, milele, kama waungwana wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake "tangulia" na kisha wote wakaingia kwa pamoja. Kwa hiyo kila kituo kilipangiwa kuchagua muda wake wa kungoja kwa kubahatisha. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo bahati nasibu imefanywa kuwa mlinzi wa adabu.

Mwezi wa Juni 1971 kituo cha kwanza kilianza kufanya kazi. Masafa yalikuwa mawili. Yale ya megahezi 413.475 yalikuwa ya kompyuta ya Manoa kusema na wote, na huko hapakuwa na mgongano, kwani msemaji ni mmoja. Yale ya megahezi 407.350 yalikuwa ya wote kusema nayo, na huko ndiko kanuni ilikohitajika. Kasi ilikuwa baudi 9,600. Baudot alikuwa amekufa mwaka 1903, na jina lake likapimia mtambo uliokataa zamu zake. Ile kompyuta ndogo waliiita Menehune. Hao ni watu wafupi wa ngano za Hawaii, wasioonekana, wanaofanya kazi usiku na kuimaliza kabla ya mapambazuko; mabwawa ya kale ya samaki husemwa ni kazi yao. Palikuwa na utani ndani yake pia, kwa kuwa mashine za namna hiyo huko bara la Marekani ziliitwa kwa herufi tatu ambazo, zikisomwa kwa Kiingereza, humaanisha kijishetani.

Uhuru huo una bei, na Abramson aliihesabu kabla ya kujenga kitu, katika makala aliyoyatoa mwaka 1970. Pakiti yangu itafika salama ikiwa hakuna mwingine aliyeanza kusema katika muda wa pakiti moja kabla yangu, wala katika muda ninaosema mimi. Kwa hiyo nahitaji ukimya wa urefu wa pakiti mbili ili nipitishe moja. Ukiyafuatilia hayo kwa hisabati ya uwezekano, unakuta kwamba njia ya namna hii haiwezi kupitisha salama zaidi ya asilimia 18 na ushei wa kile ambacho ingepitisha lau wasemaji wote wangepangwa na malaika asiyekosea. Tujaribu kwa mfano. Pakiti iliyojaa ilikuwa na biti 704. Kwa kasi ya 9,600 ilichukua sehemu 73 za elfu za sekunde. Kila mtumiaji akituma moja katika kila nusu dakika, malaika angewatosheleza watu 409 kwa masafa hayo mamoja. Aloha iliwatosheleza 75. Na katika kikomo hicho, kila pakiti 100 zinazotupwa hewani, 63 huharibika na kutumwa upya.

Wako waliocheka. Lakini linganisha na simu, ambayo ingemhudumia mtu mmoja kwa njia moja! Watu 75 katika masafa mamoja, bila ya mwenyekiti, bila ya orodha ya majina, na akija wa 76 leo hahitaji kusajiliwa popote: hufungua chombo chake na kusema. Kwa mtu anayekaa mbali na mji mkuu, hilo la mwisho lina thamani kuliko asilimia zote.

Hatari ilikuwa kwingine. Pakiti zilizoharibika hurudi, na zikirudi huongeza msongamano, na msongamano huharibu nyingine. Wasemaji wakipita kiasi, kanuni hii haipungukiwi pole pole, huanguka. Mzigo ukifikia mara nne ya ule unaofaa, kinachopita salama hakifiki asilimia nne, na wote wanapiga kelele kwa bidii kuliko mwanzo. Lawrence Roberts, aliyesimamia mtandao wa Arpanet wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alipendekeza mwaka 1972 kwamba wote waanze kusema kwa pigo la saa moja, asiwepo anayeanza katikati ya mwenzake. Kwa hilo tu kikomo kiliongezeka maradufu, kikawa asilimia 37 hivi. Kidogo cha mapigo ya Baudot kilirudishwa katika uhuru, na kikaufaa.

Kuna kisa cha Roberts huyohuyo ambacho Abramson alikisimulia mwenyewe. Aliingia ofisini kwake Washington kuomba Hawaii iunganishwe na Arpanet. Roberts akatoka nje kidogo. Ubaoni palikuwa na orodha ya vituo na tarehe za kupelekewa mitambo. Abramson akachukua chaki, akaandika chini ya orodha jina la Aloha na tarehe 17 Desemba. Roberts aliporudi hawakulitaja jambo hilo. Siku zikapita, hata akapigiwa simu kutoka ofisi ile kuulizwa kama wako tayari kupokea mtambo wao wa tarehe 17 Desemba. Hivyo ndivyo Hawaii ilivyounganishwa mwaka 1972, kwa njia ya setilaiti. Mtu aliyetunga kanuni ya kusema bila ya kuitwa, hakungoja kuitwa.

Nisifiche upande mwingine wa sarafu. Fedha za kazi hii zilitoka kwa jeshi la Marekani. Na maneno yake mawili yaliyozunguka dunia, Aloha na Menehune, yalichukuliwa kutoka katika lugha ambayo sheria ya mwaka 1896, baada ya ufalme kupinduliwa, iliiondoa kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1971, mtambo ulipoanza kurusha Aloha hewani, vizazi viwili vya watoto wa Hawaii vilikuwa vimekua wakiambiwa wanyamaze kwa lugha yao. Ilipata kutambuliwa tena kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Anayeandika juu ya nani huruhusiwa kusema na nani huambiwa anyamaze hana budi kulitaja hilo, hata kama wahandisi wale hawakuwa na dhamira mbaya.

Mwaka 1972 kijana Robert Metcalfe, ambaye tasnifu yake ilikuwa imekataliwa na chuo cha Harvard, aliyasoma makala ya Abramson usiku mmoja alipokosa usingizi. Hakuridhika na dhana moja iliyomo: kwamba watu wataendelea kuandika kwa kasi ileile, wajibiwe wasijibiwe. Watu hawako hivyo, alisema. Asiyejibiwa hukaa akingoja. Aliongeza hisabati yake katika tasnifu, wakampa shahada mwaka 1973, na mwezi wa Mei mwaka huo, akiwa katika maabara ya Xerox huko California, aliandika waraka wa mtandao alioupa jina la etha, ile hewa ya kubuni ambayo wanafizikia wa kale waliamini kwamba mwanga husafiri ndani yake. Yeye na David Boggs walibadilisha hewa kwa waya mnene, na juu ya kanuni ya Aloha wakaongeza adabu tatu: sikiliza kabla ya kusema, sikiliza hata unaposema, na ukisikia mwingine, kata kauli hapohapo, na kila unapogongana tena, ongeza maradufu kikomo cha kungoja kwako. Adabu ya tatu ndiyo iliyoponya ule ugonjwa wa kuanguka, kwani msongamano ukizidi, kila mmoja hurudi nyuma zaidi kwa hiari yake. Mtandao huo ndio ulioenea maofisini. Baadaye kila kompyuta ilipewa waya wake hadi kwenye swichi, na kugongana kukatoweka humo.

Hawaii wenyewe hawakuweza kusikiliza kabla ya kusema, kwani kituo kilicho nyuma ya mlima huu hakikuwa na hakika ya kumsikia aliye nyuma ya mlima ule. Wote wawili walisikiwa na Menehune tu. Hewa haikupata starehe ya waya. Lakini mwaka 1985 serikali ya Marekani ilifungua masafa fulani, yaliyotumiwa na majiko ya mawimbi na vitu vya namna hiyo, yasiyotakiwa na mtu wa maana, ikaruhusu yatumiwe bila ya leseni kwa mashine zitakazokubali kuvumiliana. Humo ndimo ilimoingia Wi-Fi, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 1997, nayo ni mjukuu halisi wa Aloha: husikiliza, hungoja kwa kubahatisha, husema, hungoja stakabadhi. Baada ya miaka 73, kipande kidogo cha lile shamba la 1912 kikarudishwa kuwa cha wote.

Wapo wanaosema kwamba habari hii inathibitisha kuwa uhuru hauhitaji sheria. Sikubaliani nao. Masafa ya Manoa yalikuwa ya kibali, na kanuni ya kungoja ilichongwa ndani ya kila kituo na watu walewale waliovijenga. Hakuna kituo kilichoweza kuikaidi. Lau mmoja angeundwa asingoje, au angoje nusu ya wenzake, angejipatia njia nzima na wapole wangebaki kurudi nyuma. Kanuni ya adabu humlinda kila mtu isipokuwa dhidi ya asiye na adabu. Na mashine za leo za Wi-Fi hukaguliwa kabla ya kuuzwa kwa sababu hiyohiyo.

Msomaji atauliza, sisi tunaitumia wapi? Katika simu ya mkononi. Unapobonyeza kitufe kumpigia mtu, simu yako haina bado nafasi yoyote katika mnara, na mnara haujui kama unataka kusema. Katika mfumo wa GSM, ulioanza kutumika mwaka 1991, kuna njia ndogo iliyotengwa kwa hali hiyo tu. Simu hutupa humo mlio mfupi wenye namba iliyobahatishwa, kisha hungoja. Ukijibiwa, mnara huipa simu kipande chake katika mzunguko wa vipande vinane, kimoja kwa kila msemaji, na hapo tumerudi kwa Baudot na burashi yake. Usipojibiwa, huenda simu nyingine imepiga mlio wakati uleule. Basi hungoja muda wa kubahatisha na kupiga tena, na baada ya idadi maalumu ya majaribio huacha. Mifumo ya baadaye nayo ina mlango wa namna hiyo.

Nikitakiwa kulifasiri Aloha la wahandisi kwa Kiswahili, nitaandika hodi. Mgeni haingii, wala hangoji kuitwa kwa jina. Huita, akanyamaza, akasikiliza, na asiposikia karibu huita tena baada ya kitambo. Usiku wa kuandama kwa mwezi wa Shawwal, kila mtu anapotaka kuwa wa kwanza kumpa mamake mkono wa Idi kwa simu, mnara mmoja hupigiwa hodi na maelfu kwa mkupuo. Simu iko sikioni, hakuna mlio, na mtu hudhani imekufa. Aghalabu haikufa. Imegongana na nyingine mlangoni, nayo inahesabu kitambo chake kabla ya kubisha tena.